Dodoso la kupima mawasiliano kazini: kuliandaa, kuligawa na kulisoma

Ukimuuliza kiongozi wa taasisi hali ya mawasiliano ikoje, mara nyingi atakutajia njia alizonazo: kikao cha kila Jumatatu, baruapepe, kundi la simu, ubao wa matangazo. Ukimuuliza mfanyakazi wa ngazi ya chini, atakutajia yale yaliyopita bila kumfikia. Wote wawili wanasema kweli. Dodoso zuri huziweka kauli hizo pamoja, kwa namba zinazolinganishika, na humpa nafasi hata yule ambaye kikaoni hafungui mdomo.

Dodoso baya lina madhara yake. Watu hutoa maoni, hawaoni kilichofuata, na safari ijayo hujaza ilimradi wamejaza. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo mawili, yaani namna ya kuuliza na namna ya kumlinda anayejibu. Mengine yanajifunzika haraka.

1. Amua kwanza matokeo yatatumika kuamua nini

Kabla ya kuandika swali lolote, andika sentensi moja inayosema uamuzi utakaofanywa baada ya matokeo kutoka. Kwa mfano: "Tunataka kujua taarifa gani za kazi haziwafikii watu wa zamu ya usiku, ili tubadilishe utaratibu wa makabidhiano." Sentensi kama "tunataka kuboresha mawasiliano" haitoshi, kwa kuwa haikusaidii kuchagua swali gani liingie na lipi liachwe. Kila swali ulilotunga lirudishe kwenye sentensi hiyo. Kama jibu lake haliwezi kubadilisha chochote, lifute.

Kisha zungumza na watu sita hadi kumi wa ngazi tofauti, mmoja mmoja, kwa nusu saa hivi. Waulize wanapata wapi taarifa wanazohitaji ili kazi iende, na ni taarifa gani hupata kwa tetesi kabla ya kuzisikia rasmi. Usilete orodha yako ya njia za mawasiliano. Acha wazitaje wenyewe kwa majina wanayoyatumia, kwa sababu majina hayo ndiyo utakayoyaandika kwenye dodoso. Kama watu wanasema "kikao cha asubuhi", usiwaandikie "mkutano wa uratibu wa kila siku".

2. Chagua maeneo ya kupima

Huna haja ya kuanza na karatasi tupu. Mwaka 1977 Cal Downs na Michael Hazen walichapisha dodoso linalopima jinsi mtu anavyoridhika na mawasiliano kazini, na waligawa suala hilo katika maeneo manane: mazingira ya mawasiliano katika taasisi kwa jumla, mawasiliano na msimamizi wa karibu, taarifa za kumwezesha mtu kujua nafasi yake kazini, ubora wa njia na maandishi yanayotumika, mawasiliano kati ya wenzao wa ngazi moja, taarifa kuhusu taasisi nzima, mrejesho juu ya kazi ya mtu binafsi, na mawasiliano na walio chini yake. Orodha hii bado inafaa kama kioo cha kujikagua ili usisahau eneo zima. Wengi husahau mawasiliano ya wenzao kwa wenzao, ilhali sehemu kubwa ya kazi za kila siku hupita humo.

Usichukue yote manane kwa kina kilekile. Chagua matatu au manne yanayogusa uamuzi wako, na mengine yape swali mojamoja. Ukitumia maswali yaliyotungwa kwa lugha nyingine, mtu mmoja ayatafsiri, mwingine asiyeyajua ya awali ayarudishe kwenye lugha ile, kisha mlinganishe. Hapo ndipo utagundua swali lililohusu "mrejesho" limegeuka kuwa swali kuhusu "kukosolewa".

3. Tunga maswali

Jambo la thamani kubwa kuliko yote katika upimaji huu lilijitokeza miaka ya 1970, katika ukaguzi wa mawasiliano ulioandaliwa chini ya Chama cha Kimataifa cha Mawasiliano, ICA. Dodoso lao liliuliza kila jambo mara mbili: mtu anapata taarifa kiasi gani sasa, na anahitaji kupata kiasi gani. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo pengo, na pengo ndilo linaloonyesha pa kuanzia.

Tazama inavyofanya kazi. Tuseme mizani yako inaanzia 1, "kidogo sana", hadi 5, "nyingi sana". Kuhusu mipango ya muda mrefu ya taasisi, wastani wa "napata" ni 2.0 na wa "nahitaji" ni 2.4. Kuhusu mabadiliko ya ratiba, "napata" ni 2.1 na "nahitaji" ni 4.6. Ungeuliza "unapata" peke yake, mambo haya mawili yangeonekana sawa, tena mipango ya muda mrefu ingeonekana kuwa na hali mbaya kidogo. Uongozi ungetengeneza jarida zuri la mipango, na watu wangeendelea kufika kazini siku ambayo zamu yao imehamishwa. Ukiuliza yote mawili, pengo la 0.4 na pengo la 2.5 hayahitaji maelezo marefu.

Kwa hiyo, kwa kila aina ya taarifa uliyoichagua, weka safu mbili ubavuni: "Sasa napata" na "Nahitaji kupata". Fanya hivyohivyo kwa taarifa zinazopanda kutoka chini: mtu anatuma kiasi gani, na angependa kutuma kiasi gani. Swali la pili linalosahaulika hapo ni hili: akituma, anaona hatua ikichukuliwa? Mtu anaweza kuwa na sanduku la maoni, mlango wa mkuu uliofunguliwa na namba ya simu ya dharura, na bado akanyamaza kwa kuwa mara zote alizosema hakukuwa na jibu.

Kwa mambo ya mtazamo, tumia kauli zenye ngazi tano za kukubali, mtindo ulioanzishwa na Rensis Likert mwaka 1932: Sikubaliani kabisa, Sikubaliani, Sina upande, Nakubaliana, Nakubaliana kabisa. Weka pia kisanduku cha pembeni cha "Hainihusu". Bila kisanduku hicho, asiye na mtu chini yake atachagua "Sina upande" kwenye maswali ya kusimamia wengine, na wastani wako utajaa majibu yasiyo majibu.

Makosa yanayojirudia katika kutunga ni haya, na kila moja linastahili kukaguliwa swali kwa swali.

Maswali mawili ndani ya moja. "Msimamizi wangu hunisikiliza na hunipa mrejesho kwa wakati." Kuna msimamizi anayesikiliza vizuri kisha hasemi kitu. Anayejibu aweke alama wapi? Gawa.

Muda usio na mipaka. "Je, hupata mrejesho mara kwa mara?" Kwa mmoja, mara kwa mara ni kila siku, kwa mwingine ni kila baada ya miezi mitatu. Andika: "Katika siku 30 zilizopita, msimamizi wako amezungumza nawe mara ngapi kuhusu ubora wa kazi yako?" na utoe machaguo ya idadi.

Neno "uongozi". Kwa mtunza ghala, uongozi ni mkuu wa zamu. Kwa mhasibu, ni mkurugenzi. Ukiacha neno hilo peke yake, utakusanya maoni kuhusu watu tofauti na kuyajumlisha kana kwamba yanamhusu mmoja. Eleza juu ya ukurasa: "Msimamizi wa karibu ni mtu anayekupangia kazi. Menejimenti ni mkurugenzi na wakuu wa idara."

Kauli za kukanusha. "Sipati taarifa za kutosha" ikikutana na "Sikubaliani", msomaji analazimika kukokotoa kukanusha kwa kukanusha akiwa na haraka ya kurudi kazini. Wengi hukosea, na hutajua ni akina nani. Hata hivyo zisielekee zote upande wa sifa, maana wapo wanaokubali kila kauli kwa heshima au uchovu. Tumia kauli za upande wa pili zisizo na kikanushi: "Taarifa nyingi hunifikia baada ya muda wake kupita."

Swali linalobembeleza. "Je, unafaidika na jarida letu jipya?" Uliza badala yake: "Toleo la mwisho la jarida ulilisoma?" Ndiyo, sehemu, hapana, sikuliona.

Maswali ya kuandika yawe mawili tu, na mojawapo liombe tukio badala ya maoni ya jumla. Linalotoa majibu mazuri ni la namna hii: "Kumbuka mara ya karibuni ambapo taarifa ya kazi ilikuchelewea au haikukufikia kabisa. Ilikuwa taarifa gani, ilipaswa kutoka kwa nani, na kazi iliathirikaje?" Anayeulizwa "una maoni gani kuhusu mawasiliano" ataandika "yaboreshwe". Anayeombwa tukio ataandika kwamba vipimo vya oda vilibadilishwa saa nne asubuhi, fundi akajua saa tisa alasiri, na bidhaa za nusu siku zikatupwa. Hilo unaweza kulifanyia kazi.

Dodoso zima lisizidi dakika 15. Panga yaliyo mepesi mwanzoni, yanayomhusu msimamizi katikati, na taarifa binafsi mwishoni kabisa.

4. Mlinde anayejibu

Hapa ndipo madodoso mengi ya mawasiliano huharibika, na hayaharibiki kwa nia mbaya. Mwandaaji huahidi siri kwa moyo safi, kisha anauliza idara, jinsia, umri, cheo na miaka ya kazi. Katika idara ya watu saba, mwanamke mmoja tu mwenye zaidi ya miaka kumi kazini tayari ametajwa jina. Yeye mwenyewe anaona hilo kabla yako, na anajibu ipasavyo: kila kitu ni kizuri.

Uliza yale tu utakayoyatumia kuchambua. Mara nyingi idara na ngazi zinatosha. Weka kanuni, na uiandike kwenye dodoso lenyewe, kwamba kundi lenye majibu pungufu ya matano halitatolewa taarifa yake peke yake, litaunganishwa na lingine. Kwa maswali yanayomgusa msimamizi mmoja mmoja, mimi ningependa kiwango hicho kiwe kumi.

Tofautisha kutojulikana na kutunziwa siri. Kama hakuna anayeweza kujua nani kajibu nini, hata wewe, mwambie hivyo. Kama fomu zina namba ili ujue nani wa kukumbushwa, sema wazi kwamba namba zipo, nani anazishika, na zitafutwa lini. Kwa fomu ya mtandaoni, hakikisha mpangilio wa kukusanya anwani za baruapepe umezimwa, na jaribu mwenyewe kwa akaunti nyingine. Kwa karatasi, zirudishwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sanduku lililofungwa, lisiwe mbele ya meza ya msimamizi. Kamwe fomu zisikusanywe na mtu anayeulizwa habari zake.

Majibu ghafi yashikwe na watu wawili au watatu wanaojulikana kwa majina, na mkurugenzi asiwe mmoja wao. Jambo hili lipatiwe maandishi kabla ya kuanza, maana baada ya matokeo kutoka kutakuwa na mtu wa juu atakayetaka "kuona tu" nani kaandika nini.

5. Nani ajaze

Kwa taasisi yenye watu wasiozidi mia mbili, wape wote. Hesabu ya sampuli inaokoa fomu chache tu, na aliyeachwa hujiuliza kwa nini. Kwa taasisi kubwa, kanuni inayotumika sana ni ya Taro Yamane: zidisha idadi ya watu wote kwa kipeo cha pili cha kosa unalolikubali, jumlisha moja, kisha gawa idadi ya watu wote kwa jibu hilo. Kwa kosa la asilimia 5, watu 400 wanahitaji sampuli ya 200, na watu 1,000 wanahitaji 286. Hizo ni fomu zilizorudi, hivyo gawa zaidi. Pia idadi hiyo inatosha kusemea taasisi nzima. Ukitaka kusemea kila idara, chagua sampuli ndani ya kila idara.

Hakikisha wasio na kompyuta hawaachwi: madereva, walinzi, wafanya usafi, watu wa zamu ya usiku. Hao ndio ambao baruapepe haiwafikii, na dodoso likipita kwa baruapepe pekee utakuwa unapima mawasiliano kwa wale ambao tayari wanafikiwa.

6. Lijaribu kabla ya kuligawa

Kaa na watu wanane hivi wa ngazi tofauti. Kila mmoja asome swali kwa sauti, kisha mwombe alieleze kwa maneno yake: "Hapa umeulizwa nini?" Usimsahihishe. Akielewa tofauti, swali ndilo lenye kasoro. Pima pia dakika anazotumia asiyezoea kujaza fomu.

Baada ya majibu halisi kurudi, pima uthabiti wa maswali ya kila eneo kwa alfa ya Cronbach, kipimo cha mwaka 1951 kinachoonyesha kama majibu ya maswali ya eneo moja yanakwenda pamoja. Alfa ya 0.7 na kuendelea huchukuliwa kuwa inatosha. Ikipita 0.95, huenda unauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, na unaweza kupunguza.

7. Ligawe

Tangazo lisainiwe na mkuu wa taasisi, lisizidi nusu ukurasa, na liseme mambo manne: kwa nini, siri inalindwaje, linachukua dakika ngapi, na matokeo yatarudi kwao tarehe gani. Toa wiki mbili. Epuka kipindi cha kupunguza wafanyakazi au cha tathmini ya utendaji. Kumbusha mara mbili, kwa wote, bila kumnyooshea mtu kidole. Muda wa kujaza utolewe ndani ya saa za kazi.

Hesabu waliorudisha kwa kila idara. Idara moja ikirudisha robo wakati nyingine zimerudisha robo tatu, usizibe pengo hilo kwa hesabu. Wasioamini kwamba siri italindwa ndio wa kwanza kutojaza, na maoni yao ndiyo yangekuwa makali zaidi. Liandike hilo kwenye ripoti kama matokeo kamili.

8. Soma majibu

Anza kwa kuondoa fomu zilizowekwa alama moja kuanzia juu hadi chini. Kisha, kabla ya wastani, tazama mtawanyiko. Wastani wa 3 unaweza kuwa wa watu wote walio katikati, au wa nusu waliosema 1 na nusu waliosema 5. Hali hizo mbili hazina tiba moja.

Panga mapengo kuanzia kubwa hadi dogo. Halafu weka ngazi mbili bega kwa bega: wasimamizi wanasema wanatoa mrejesho kiasi gani, na walio chini yao wanasema wanapata kiasi gani. Tofauti hiyo huwagusa wasimamizi kuliko takwimu nyingine yoyote, kwa hiyo iwasilishe kwa upole na bila jina la mtu.

Majibu ya kuandika yasome yote. Watu wawili wayapange katika mafungu kila mmoja peke yake, kisha wakae waelewane walipotofautiana. Ukinukuu, ondoa jina la mashine, tarehe na misemo inayojulikana kuwa ya fulani. Na asitafutwe mwandishi, hata kwa ajili ya kumpongeza.

9. Fuatilia taarifa moja

Dodoso la jumla hupima watu wanavyoona. Halikuonyeshi taarifa ilipopita. Kwa hilo kuna dodoso dogo la ukurasa mmoja, njia iliyoelezwa na Keith Davis mwaka 1953. Chagua taarifa moja ya kweli iliyotolewa siku mbili au tatu zilizopita, mathalani utaratibu mpya wa kuomba likizo. Igawe katika vipengele vitano hivi, na umuulize kila mtu: vipengele vipi ulikuwa umevijua kabla ya kupokea fomu hii, ulivisikia kwanza kwa nani kwa cheo, lini, na kwa njia gani, kikao, maandishi, simu au maongezi ya kawaida?

Ukizichora fomu hizo kama matawi, utaona taarifa ilikwamia meza ipi, na kipengele gani kilidondoka njiani. Mara nyingi kichwa cha habari humfikia kila mtu, lakini tarehe ya kuanza, au sharti dogo lililokuwa muhimu kuliko vyote, hubaki kwa wakuu wa idara. Ukiwa na mapengo ya dodoso kubwa mkono mmoja na mchoro huu mkono wa pili, unajua kinachokosekana na kinapokosekana.

10. Rudisha matokeo

Ndani ya mwezi mmoja, wote waliojaza wapate kurasa mbili: wangapi walijaza, mapengo matano makubwa, mambo yanayoenda vizuri, na hatua mbili au tatu zitakazochukuliwa, kila moja na cheo cha mhusika na tarehe. Lipo jambo ambalo haliwezi kubadilishwa? Litaje na utoe sababu. Wasimamizi wapewe matokeo ya vitengo vyao siku moja au mbili kabla, wasiyasikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu wao, lakini wasipewe nafasi ya kuyahariri.

Rudia upimaji baada ya mwaka. Maswali ya mapengo yabaki neno kwa neno kama yalivyokuwa, hata kama sasa unaona ungeyatunga vizuri zaidi, kwa kuwa ukibadilisha maneno hutajua kilichosogea ni mawasiliano au ni swali. Maswali mapya yawekwe mwisho, baada ya yale ya zamani, na juu ya ukurasa wa kwanza yaorodheshwe yaliyofanyika kutokana na majibu ya mwaka uliopita.